Punje Yenye Madoadoa

Hindi moja lilikuwa limetengwa pembeni ya turubai. Mama aliyekuwa akipukuchua alikuwa ameshajaza madebe matatu ya mahindi meupe, mzigo wa kutoka Momba uliokuwa ukimsubiri mnunuzi hapa Tunduma, lakini lile hakuligusa. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza kwa nini amelibakiza.

"Hilo la mbegu, mwanangu. Ni mahindi ya mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Yanajipaka rangi yenyewe."

Nikaliokota. Punje nyingi zilikuwa nyeupe, chache za zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, na katikati yake zilikuwamo nyingine ambazo hazikuwa za upande wowote: nyeupe zenye madoa ya zambarau. Katika baadhi yake doa moja lilikuwa limefunika nusu ya punje. Katika nyingine kulikuwa na vitone vidogo vidogo, kama vile wino umezirukia.

Mkulima yeyote wa mkoa wetu wa Songwe atakwambia kwamba punje za rangi zikitokea kwenye mahindi meupe, ni chavua ya jirani. Upepo umeitoa kwenye mbelewele za shamba lake ukaileta kwenye ndevu za mahindi yako. Ni kweli, na ni elimu isiyohitaji maabara. Kila uzi wa ndevu hupokea chavua yake, ndiyo maana punje mbili zilizokaa bega kwa bega zinaweza kuwa na baba tofauti. Lakini chavua ya jirani inaeleza punje nzima, haielezi doa. Punje moja ina baba mmoja. Ikirithi zambarau ingekuwa zambarau yote, na ikirithi weupe ingekuwa nyeupe yote. Doa ni dalili kwamba jambo lilitokea ndani ya punje yenyewe wakati inakua, chavua ikiwa imeshamaliza kazi yake.

Jambo hilo lilimchukua mwanamke mmoja wa Kimarekani maisha yake yote. Leo watafiti wa Japani, Uswisi na Ufaransa wanajaribu kulitia mikononi mwa wazalishaji wa mbegu. Mkoa huu unaishi kwa mahindi. Mwaka 2024, ukame ulipoikausha Zambia, Tanzania ilikubali kuwauzia majirani tani 650,000 za mahindi, na barabara ya mahindi kwenda Zambia ni hii inayopita mbele ya turubai la mama. Sioni ni kwa nini habari ya kinachotokea ndani ya punje iwe ya watu wa mbali tu.

Shamba la Cold Spring Harbor

Barbara McClintock alizaliwa mwaka 1902. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa na shamba dogo la mahindi katika kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, jimbo la New York. Alichavusha kwa mkono, hindi kwa hindi, kisha akakaa na hadubini kuangalia kromosomu. Alianzia kwenye mimea iliyokuwa na kromosomu zilizovunjika, kwa sababu alitaka kujua mmea hufanya nini unapoumia ndani kabisa. Katika watoto wa mimea hiyo ndimo yalimotokea madoa, naye akayafuata hadi chanzo chake.

Alikuta kwamba jeni ya rangi haikuwa imekufa. Kipande kingine cha DNA kilikuwa kimejipenyeza ndani yake na kuiziba. Punje ilipokuwa inakua, katika seli mojamoja kipande hicho kiling'oka kikaenda kukaa pengine. Jeni ikazibuka, na seli ile pamoja na zote zilizozaliwa nayo zikawa na rangi. Ndiyo maana ukubwa wa doa unasomeka kama saa. Kipande kikiondoka mapema, seli iliyozibuka hupata muda wa kuzaa wengi, na doa huwa pana. Kikiondoka mwishoni, hubaki kitone. Nilipomweleza mama hivi aligeuzageuza lile hindi kwa muda mrefu, kisha akanionyesha punje moja: "Basi hii iliwahi."

McClintock alieleza matokeo yake mbele ya wanasayansi wenzake mwaka 1951. Wengi hawakumwelewa, na baadhi hawakutaka kumwelewa, kwani wakati huo jeni zilifikiriwa kuwa zimepangwa kwenye kromosomu kama shanga kwenye uzi, kila moja mahali pake daima. Aliendelea kufanya kazi. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, peke yake, bila kugawana na mtu.

Wataalamu huviita vipande hivyo transposoni. Mimi nitaviita vihamaji, na kwa msomaji wa mji wa mpakani kama Tunduma sidhani kama neno hilo linahitaji maelezo. Vipo vya namna mbili. Vya kwanza huhama kama mpangaji: vinatoka chumba hiki na kuingia kile. Vya pili havitoki. Huandika nakala yao na kuituma ikakae pengine, kwa hiyo kila safari huongeza idadi.

Usingizi

Mwaka 2009 ulipochapishwa usomaji wa jenomu ya mahindi, yaani DNA yake yote, zaidi ya herufi bilioni mbili, zaidi ya asilimia 80 ya herufi hizo zilikutwa ni za vihamaji. Jeni zinazotengeneza jani, mzizi na punje ni vijiji vichache vilivyotawanyika katika pori hilo. Kama vihamaji vyote hivyo vingekuwa macho, hakuna mhindi ambao ungesimama: jeni zingezibwa na kuvunjwa kila siku. Mmea umejilinda kwa kuvilaza. Alama ndogo za kikemia ziitwazo methili hubandikwa juu ya DNA yao, na vipande vifupi vya RNA hufanya kazi ya mgambo, vikitambua kihamaji kwa mwandiko wake na kuelekeza alama zibandikwe wapi. Seli ikigawanyika, alama nazo hunakiliwa. Usingizi unarithiwa.

Vihamaji vingi vimelala kwa maelfu ya miaka, lakini kabla ya kulala viliacha kazi kubwa. Mahindi yalitokana na nyasi ya Meksiko iitwayo teosinte, yenye machipukizi mengi na vimasuke vyenye punje chache ngumu. Takriban miaka 9,000 iliyopita wakulima wa huko walianza kuchagua mimea yenye shina moja imara, na mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba kilichosababisha shina hilo ni kihamaji kilichotua karibu na jeni inayozuia matawi na kuipa nguvu. Kilikuwa kimetua hapo muda mrefu kabla ya mkulima wa kwanza. Wakulima hawakukiumba, waliyaona matunda yake na kuyatunza. Kila debe linalopimwa Tunduma leo lina kihamaji hicho ndani yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa mtama, kwa sababu ya udongo wetu. Sehemu kubwa ya nyanda za juu kusini ina udongo wenye tindikali. Udongo ukiwa hivyo, madini ya alumini huyeyuka na kuichoma mizizi michanga, na mbolea unayonunua kwa fedha nyingi hainyonywi ipasavyo. Dawa inayojulikana ni chokaa, na bahati yetu ni kwamba bonde la mto Songwe lina mawe ya chokaa yaliyowekwa na chemchemi zake za maji moto. Lakini chokaa ni nzito, usafiri ni ghali, na shamba la mlimani halifikiwi na lori. Mwaka 2007 watafiti wa Brazil na Marekani walionyesha kwamba iko mitama inayojitibu. Mizizi yake hutoa sitrati, jamaa ya tindikali ya limau, inayoikamata alumini kabla haijaleta madhara. Jeni inayofanya kazi hiyo ina mbele yake vipande vya kihamaji vilivyojirudia. Vikiwa vingi zaidi, jeni hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na mtama unastahimili zaidi. Hakuna mtu aliyeviweka hapo.

Kuamsha

Swali ambalo watafiti wanauliza sasa ni hili: kama vihamaji vilivyo macho zamani vilitupa shina imara na mizizi inayojitibu, je, vilivyolala vinaweza kuamshwa kidogo, kwa muda mfupi, vihame mara chache, kisha vilazwe tena, ili mzalishaji wa mbegu achague katika yaliyotokea?

Kulazimisha mbegu ibadilike si jambo geni Afrika Mashariki. Zanzibar walipiga mionzi mbegu za mpunga wakapata SUPA BC. Chuo Kikuu cha Eldoret nchini Kenya kilifanya hivyo hivyo kwa ngano, na mwaka 2014 ikatolewa Eldo Ngano 1, inayostahimili kutu ya shina ya Ug99, ugonjwa uliopewa jina hilo kwa sababu ulitambuliwa Uganda. Kazi zote hizo zilisaidiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Ninaziheshimu sana. Ila mionzi hupiga bila kuchagua, na mara nyingi inachofanya ni kuvunja. Kihamaji kinaweza kuvunja pia, lakini aghalabu hufika na kitu mkononi: swichi. Kikitua jirani na jeni fulani, jeni hiyo inaweza kuanza kusikiliza swichi ya mgeni.

Kipo kihamaji ambacho swichi yake ni joto. Hidetaka Ito na wenzake walikieleza mwaka 2011 katika mmea mdogo wa maabara wa jamii ya haradali. Mche ukiwekwa kwenye nyuzi 37 kwa siku moja, kinaamka na kuanza kujinakili. Walikiita ONSEN, neno la Kijapani lenye maana ya chemchemi ya maji moto, na tangu niliposoma hivyo sipiti bonde la Songwe bila kulikumbuka. Hata hivyo kuamka si kuhama. Katika mimea ya kawaida wale mgambo wa RNA walikilaza upya, na watoto wa mimea hiyo hawakuwa na nakala mpya. Katika mimea iliyonyimwa mgambo, nakala zilitawanyika kwa watoto.

Mwaka 2017 timu ya mtafiti Etienne Bucher ikapata njia isiyohitaji mmea ulionyimwa mgambo. Waliotesha miche ya kawaida juu ya chakula chenye dawa mbili. Moja ilikuwa sumu ya uyoga ule unaoua watu kwa kuharibu ini, kwa kipimo kidogo sana, na nyingine ni dawa inayofuta alama za methili. Wakaongeza joto. Ulinzi ukalegea kwa siku chache tu. Miche ikatolewa kwenye dawa, ikakua, ikazaa, na miongoni mwa watoto wakaonekana wenye nakala mpya za ONSEN, zilizotulia na kurithiwa. Wakajaribu dawa zile kwenye mpunga, na kihamaji kingine kiitwacho Houba kikaamka.

Wajapani walikuwa wametangulia kwenye mpunga. Hirohiko Hirochika alionyesha mwaka 1996 kwamba kuotesha tishu za mpunga kwenye chupa kunatosha kuamsha kihamaji kiitwacho Tos17, na kwamba miche iliyopatikana ilikuwa na nakala mpya zilizotulia. Kisha mwaka 2003 kikajulikana mPing, kifupi sana, herufi 430 tu. Katika mpunga mmoja wa zamani wa Japani uitwao Gimbozu kiko macho hadi leo, kikiongeza nakala takriban 40 kwa kila mmea katika kila kizazi, na mpunga wenyewe unaendelea kuzaa vizuri. Baadhi ya nakala zimetua mbele ya jeni, na jeni hizo zimeanza kuitikia baridi na chumvi. Nasisitiza kwamba Gimbozu ni mpunga wa zamani. Hawakukikuta kihamaji hicho kikiwa macho hivyo kwenye mbegu iliyosafishwa na kuuzwa kwa wingi.

Kinachoamka vibaya

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia hapo. Mahindi yenyewe yanatoa onyo: mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba kihamaji kidogo kilichotua mbele ya jeni inayousaidia mhindi kuvumilia ukame kimeidhoofisha jeni hiyo, na mimea isiyo nacho ndiyo inayostahimili kiu zaidi. Mwaka huo huo lilitatuliwa fumbo la michikichi ya Malaysia. Miche ilikuwa ikizalishwa kwa chupa kutoka miti bora kabisa, lakini miaka kadhaa baadaye baadhi ikatoa matunda yaliyoharibika, yasiyo na mafuta ya maana. Kihamaji kiitwacho Karma, kilichokaa ndani ya jeni ya ua, kilikuwa kimepoteza alama zake za usingizi mle chupani. Mche ulionekana mzima kwa miaka yote hiyo. Kwa nchi inayohimiza michikichi kule Kigoma, hiyo si habari ya Malaysia peke yake.

Na hapa jirani kuna ndizi. Ndizi zenye asili ya kundi la B, kama mzuzu wetu, zina virusi vya michirizi vilivyojiandika ndani ya jenomu zao zamani za kale. Si vihamaji kamili, lakini ni ndugu zao, na vinalala kama wao. Ukame, joto, au kuoteshwa kwenye chupa vinaweza kuviamsha, na mgomba uliopandwa ukiwa safi ukaugua bila kuambukizwa na yeyote. Wazalishaji wa mbegu waliogopa kutumia migomba hiyo kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA jijini Nairobi, wakiongozwa na Leena Tripathi, walitumia CRISPR, mkasi wa kukatia DNA, kukatakata virusi vilivyolala ndani ya mgomba wa Gonja Manjaya. Walipoinyima maji migomba waliyoirekebisha, robo tatu haikuonyesha ugonjwa. Ninaitaja kazi hiyo kwa fahari. Imefanyika kwetu, juu ya chakula chetu, na inaonyesha kwamba kujua kilichosinzia ndani ya mbegu ni muhimu hata pale unapotaka kisiamke kamwe.

Kwa hiyo kuamsha ni nusu ya kazi, na nadhani ni nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu ni kupanda maelfu ya watoto wa mmea ulioamshwa, msimu baada ya msimu, katika udongo ambako mbegu itaishi, na kutupa karibu wote. Kazi hiyo haifanyiki Uswisi kwa niaba ya Mbozi hapa Songwe. Inahitaji kituo cha utafiti wa kilimo kama TARI Uyole, kilichotupa mahindi chotara ya UH615 na UH6303, na kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, Mbimba, ambacho wakulima wa kahawa wa Mbozi wanakifahamu. Kahawa ya arabika ingefaidika pengine kuliko zao lolote. Ilitokana na muungano wa aina mbili za kahawa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na tangu hapo tofauti kati ya mti na mti zimebaki chache mno. Kutu ya majani ikipata njia ya kuingia mti mmoja, imepata njia ya kuingia mingi.

Kuna pia suala la sheria, na ni bora lizungumzwe mapema kuliko kwa ghafla. Mwanzoni mwa 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kusitishwa kwa majaribio ya mbegu zilizohamishiwa jeni, baada ya miaka ya mahindi ya majaribio kule Makutupora, Dodoma. Mbegu iliyoamshwa vihamaji vyake haijapewa jeni ya kiumbe kingine. Kilichohama kilikuwa chake tangu asili, kama katika hindi la mama wa Momba. Kwa maoni yangu iko karibu zaidi na SUPA BC kuliko na mahindi ya Makutupora. Lakini mkulima ana haki ya kuelezwa hivyo kwa lugha yake, na kukataa akitaka, kabla mtu hajamletea pakiti.

Ninachokihofia hasa si dawa za maabara, bali umaskini wa tulichonacho cha kuamsha. Kila aina ya mahindi ya zamani ina vihamaji vilivyotua mahali tofauti. Mbili zinaweza kufanana kwa sura na ladha na zikatofautiana kwa maelfu ya vipande hivyo. Ikipotea moja, hakuna joto wala sumu ya uyoga itakayoirudisha. Kituo cha Taifa cha Nasaba za Mimea, Arusha, kinahifadhi mbegu kwenye baridi, na ni kazi kubwa wanayoifanya. Lakini mbegu ya kwenye friji haijifunzi ukame wa mwaka huu. Inayojifunza ni ile inayopandwa, ikakaushwa kwa moshi juu ya jiko, ikapandwa tena. Huku Songwe hiyo imebaki mikononi mwa kina mama wachache, kwa hatua chache za shamba, karibu na kichuguu au nyuma ya choo, mahali ambapo mahindi ya biashara hayakupendeza kupandwa.

Mama aliniambia yeye hupanda yake baada ya kupanda ya kuuza, ili mbelewele zisikutane. Alifundishwa hayo na mama mkwe wake. Wake za wanawe hawayataki, kwa sababu mashine ikiyasaga unga hutoka na rangi ya kijivu.

Mnunuzi alifika saa nne na mizani yake. Akatia mkono kwenye gunia, akainua punje, akazimwaga polepole akiangalia weupe. Akaridhika. Kisha akaliona lile hindi kwenye turubai.

"Mama, hilo usije ukalichanganya. Litanichafulia mzigo."

"Halimo," akajibu. Alilipukuchua palepale, punje chache chache, hadi gunzi likabaki tupu. Saba akaniwekea kiganjani. Zilizobaki akazifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno, akasimama kuhesabu fedha yake.